Madigadi ya Kushoto

“Salumu, toka hapo chini. Wewe si tulishakuzika?”

Hapo ndipo tulipoachia wiki iliyopita, msomaji. Sauti ilikuwa ya Mzee Shamsudin. Na aliyeambiwa ni Mikdad, fundi wa boti za faiba, akiwa amelala chali chini ya gari, goti limeinua madigadi ya kushoto, mkono umeshika bolti, nati ameiuma kwa meno.

Nati ikamponyoka mdomoni.

Salumu alikuwa kaka yake. Miaka ishirini na nne iliyopita aligongwa na gari Mapinga, akiwa juu ya baiskeli, anarudi kuuza mananasi ya Kiwangwa. Gari halikusimama. Halikujulikana ni la nani, wala aliyeliendesha.

Mikdad hakutoka mbio. Aliishusha madigadi taratibu juu ya gunia, akajivuta nje, akajipangusa.

“Babu, mimi ni Mikdad. Ni mdogo wake.”

Mzee alimwangalia kutoka kwenye kiti chake barazani. Kofia ilikuwa imekaa upande.

“Mdogo wake yupi? Yule mwenye makamasi?”

“Ndiye huyo.”

“Umekua,” alisema mzee. Kisha akaliangalia gari. “Mmeshalifunika?”

Kabla Mikdad hajajibu, Naila alitoka jikoni na sinia ya chai, anacheka.

“Usimsikilize baba, fundi! Juzi kaniita mama yake. Kaniuliza mbona sijampeleka chuoni, mwalimu atamchapa.”

“Alimjua kaka yangu?”

“Nani Bagamoyo hakumjua Salumu wa mananasi? Baba aliingia mpaka kaburini kumpokea. Ndiyo akili yake siku hizi, walio hai na waliokufa amewakalisha jamvi moja.”

Jibu lilitosha. Mikdad ni mtu wa kupokea jibu linapotosha. Alikunywa chai, akaitafuta nati yake kwenye mchanga, akarudi chini ya gari.

Kwa aliyetukuta njiani, habari ya gari ni hii. Ni gari la mbio la zamani, la milango miwili, fupi, bapa, lililoletwa kwa meli Mzee Shamsudin alipokuwa kijana. Lilikaa miaka mingi bandani na chumvi ya pwani ikalila bati. Sasa mjukuu wake, Adila, anaolewa Jumapili, na Naila amesema mwanawe atakwenda Mapinga kwa mumewe ndani ya gari la babu yake, na usukani atashika yeye mwenyewe, mama mtu.

Fundi wa bati hakupatikana. Akaitwa Mikdad atengeneze bodi ya faiba.

Boneti ilikaa. Milango ilikaa. Madigadi ya kulia ilikaa kama imezaliwa pale. Vyote hivyo alivitolea kalibu, umbo la kufinyangia, kwenye bati la zamani. Lakini madigadi ya kushoto ya zamani haikuwapo kabisa. “Kutu,” Naila alimwambia. Basi Mikdad akafanya wanavyofanya watu wa boti. Boti ubavu wa kulia na wa kushoto ni pacha. Unachora kigezo cha upande mmoja, unakigeuza, unapata wa pili.

Alikigeuza. Na leo madigadi inapita mlango kwa vidole viwili.

“Itakaa?” Naila aliinama kuchungulia.

“Itakaa ikikubali.”

“Leo Alhamisi, Mikdad.”

“Najua, dada.”

“Rangi inapigwa Jumamosi. Adila ameshawaambia mashoga zake wote. Usiniaibishe.”

“Niletee kamba nyembamba, dada. Ndefu.”

Naila alileta kamba ya kuanikia. Mikdad aliifunga puani mwa gari, akaivuta mpaka nyuma katikati kabisa, kama anavyotafuta mstari wa mkuku, ule uti wa chini, kwenye boti. Akaning'iniza nati kwenye uzi iwe timazi. Akapima kutoka kwenye kamba hadi ukingo wa kulia. Akapima hadi ukingo wa kushoto.

Akaandika kwa penseli juu ya kiganja.

Akapima tena. Akapima mara ya tatu, safari hii akianza kushoto.

Kosa lilikuwa lake, lakini si la kipimo. Aliamini gari ni pacha kama boti. Hili halikuwa pacha. Chesisi yake upande wa kushoto ilikuwa imesukumwa ndani vidole viwili.

Chuma hakijisukumi.

“Dada Naila, gari hili limewahi kugonga?”

“Eh! Kwani sikukwambia?” Naila alicheka, akaweka mikono kiunoni. “Mimi ndiye niliyelivunja! Nilimgonga ng'ombe. Baba akaninyang'anya funguo, tangu siku hiyo sijagusa usukani wake.”

“Ng'ombe wa wapi?”

“Wa wafugaji wa Mapinga huko.”

Mikdad alishusha kipimo.

“Lini?”

“Zamani, fundi, hata Adila sijamzaa. Ilikuwa Shaaban, imebaki wiki moja tufunge. Nakumbuka kwa sababu nilifunga na uvimbe hapa kwenye paji, watu wananicheka.”

Salumu alizikwa Shaaban, mwezi ishirini na tatu. Ramadhani iliyofuata Mikdad alikuwa na miaka kumi na mitatu, na ndiyo ya kwanza aliyofunga siku zote, kwa kuwa hakukuwa na kaka wa kumficha nyuma ya nyumba na kumpa muhogo.

“Ulimwona huyo ng'ombe?”

“Nimwone wapi? Natoka Dar, jua linazama mbele yangu, limenijaa machoni. Nikasikia kishindo kushoto. Nilikuwa na miaka ishirini, mjinga wa gari, nikakanyaga mafuta badala ya breki, na mguu sikuuondoa mpaka hapa nyumbani.” Naila alikuwa bado anatabasamu. “Nikamwambia baba, nimeua mtu. Akaenda kuangalia, yeye na Fundi Hamidu, mwalimu wako wa boti. Waliporudi baba akanishika kichwa, akaniambia, nyamaza mwanangu, ni ng'ombe.”

Mikdad alisoma tena namba za kiganjani.

“Nililia wiki nzima kwa ajili ya ng'ombe,” alisema Naila. “Hebu fikiria. Haya, mimi nakwenda kupakwa hina, nitarudi Alasiri. Ovaroli yako iache nikufulie, leo si Alhamisi?”

Alitoka na baibui lake, anaimba nyimbo za harusi kwa sauti ya chini.

*

Huenda wewe msomaji umeshahukumu. Mikdad hakuhukumu. Alijiambia kwamba Mapinga wapo ng'ombe, na kwamba Shaaban moja inaweza kuwa na ajali mbili. Alijiambia pia kwamba kazi ni kazi. Akachanganya rezini na dawa yake ya kugandisha kwenye ndoo ndogo, akaweka brashi tayari, akaingia na patasi chini ya gari kutafuta mahali pa kuanzia.

Ukuta wa ndani wa gurudumu ulikuwa umepakwa rangi nyeusi nzito. Aliukwangua.

Chini ya rangi hapakuwa na bati. Palikuwa na kiraka cha faiba.

Nani anaziba gari kwa faiba? Mtu wa gari angepeleka kwa fundi wa kuchomea. Lakini fundi wa kuchomea angeuliza imekuwaje.

Alikwangua zaidi. Katikati ya matabaka mawili ya faiba kulikuwa na kipande cha gunia la katani. Katika pwani yote hii alimjua mtu mmoja tu aliyeweka katani katikati, enzi ambazo faiba ilikuwa adimu.

Alifuata ukingo wa kiraka kwa kidole mpaka alipovipata, vishimo vitatu vya dole gumba vilivyopangwa mstari. Ndivyo fundi yule anavyojaribu kama rezini imeshika. Anabonyeza mara tatu. Mikdad naye hubonyeza mara tatu, katika kila boti aliyopata kuitengeneza, kwa sababu ndivyo alivyofundishwa.

Na katika kila kishimo palikuwa na mstari wa kovu, umekata dole gumba kwa mshazari.

Aliingiza patasi chini ya kiraka na kukipasua. Kitu chembamba kilitoka pamoja na vipande, kimepinda kama ndoana. Alikifuta kwa kidole. Ilikuwa spoki, kichwa chake kidogo bado kipo.

Mikdad aliijua baiskeli ile ilivyookotwa. Gurudumu la mbele lilikuwa limepondeka na spoki zimetapakaa majanini. Yeye ndiye aliyetumwa kuziokota.

“Hodi hapa!”

Aliitia spoki mfukoni mwa ovaroli, akatoka.

*

Fundi Hamidu alisimama getini na kopo la rezini kwapani, anakohoa. Vumbi la faiba la miaka arobaini halijamwacha kifua.

“Shikamoo, fundi.”

“Marahaba. Naila kanipigia simu, anasema madigadi imekushinda. Nikamwambia Mikdad hashindwi, Mikdad anachelewa tu.” Alicheka, kisha akaona kamba iliyovutwa juu ya gari. Kicheko kikakatika. “Umepima kwa kamba?”

“Nimepima.”

“Nani kakuambia upime? Punguza vidole viwili, funika, basi. Bibi harusi anakaa ndani, hakai kwenye chesisi.”

“Ulijuaje kama ni vidole viwili?”

Hamidu alilitua kopo chini.

Mikdad alinyoosha mkono, akalishika dole gumba la mwalimu wake, akaligeuza juani. Kovu lilikuwa palepale, la mshazari. Hakulibana. Alilishika kama mtu anayesoma.

“Yapo matatu kama hili huko ndani,” alisema.

Hamidu aligeuka kumtazama Mzee Shamsudin barazani. Mzee alikuwa amesinzia.

“Mikdad, mwanangu. Kuna kazi mtu anaifanya mara moja.”

“Alikuwa hai mlipomfikia?”

“La. Wallahi, tulimkuta ameshakwenda. Mimi ndiye niliyemfumba macho.”

“Na mkamwacha barabarani.”

“Tulimtoa barabarani. Tukamlaza pembeni. Tukawapa wapita njia nafasi ya kumwona.”

“Mkamwacha,” alirudia Mikdad.

“Ndiyo,” alisema Hamidu. “Tukamwacha.”

Ndoo ya rezini ilianza kutoa moshi mwembamba. Ilikuwa inaanza kuganda. Hakuna aliyeisogelea.

“Naila anajua?”

“Hajui. Ameambiwa ng'ombe, na ni ng'ombe mpaka leo. Mzee alitaka kumpeleka polisi kesho yake asubuhi, nakuapia, alishavaa na kanzu. Akasema, kwanza nikamwambie mama wa marehemu, asije akalisikia kwa watu.”

Mikdad aliuachia mkono wa mwalimu wake.

“Mama gani?”

“Mama yako, Bi Mosi.”

“Mama yangu hajui aliyemuua Salumu.”

“Alijua kabla ya mazishi.”

Mikdad alikaa juu ya gunia, karibu na madigadi yake. Kwa miaka yote hiyo alipanga moyoni kwamba siku atakayolijua gari lile, atakwenda kwa mama yake, atamshika mkono, atamwambia jina. Aliamini mama hulala vibaya kwa kutojua. Kumbe jina lilikuwa kwake kabla udongo haujakauka.

“Alisema nini?”

“Aliuliza, binti ana miaka mingapi? Tukamwambia ishirini. Halafu akasema, Salumu wangu ana ishirini. Wa umri huo mmoja ametosha. Huyo binti asiambiwe, maana akiambiwa hatapona.” Hamidu alikohoa, akajifuta. “Mzee akalia mbele yake. Akamwambia taja fidia, shamba, nyumba, chochote. Akakataa. Akasema, ninaye mdogo, hana baba, na sasa hana kaka. Afundishwe kazi ya mikono.”

Kwa jirani, kinu kilikuwa kinatwangwa.

“Tukasoma Fatiha. Mzee, mama yako na mimi. Wiki ya pili ukaja kwangu na kaptura yako, nikakupa brashi.”

“Kwa hiyo mimi ndiyo fidia.”

“Usiseme hivyo.”

“Ulinifundisha kwa sababu ya hili.”

“Mwanzo, ndiyo. Siwezi kukudanganya. Miaka miwili ya mwanzo kila nikikutazama nilimwona yeye, nikatamani ushindwe, uondoke.” Hamidu aliliangalia dole gumba lake. “Baadaye ukawa na mkono. Nikasahau.”

“Ukasahau?”

“Nikataka kusahau.”

Mikdad alitazama mikono yake. Boti kumi na saba zimetoka ndani ya mikono hii, nyumba imejengwa nayo, na watoto watatu wanakula kwayo. Kila mstari anaojua kuuchora umenunuliwa Mapinga, magharibi moja, kwa bei ya Salumu. Alitafuta hasira ndani yake, aitumie kama watu wengine wanavyoitumia. Aliikosa. Alikuta kitu kizito tu kisicho na mpini.

“Nitafanya nini, fundi?”

“Ulishafundishwa. Punguza vidole viwili. Pitisha msasa. Funika.”

“Na Jumapili apite palepale na mwanawe, anaimba.”

“Mama yako ndiye aliyetaka aimbe.”

Mikdad aliikazia macho madigadi. Angemwambia Naila, angevunja neno la mama yake na kuivunja harusi, na Salumu angebaki kaburini. Angenyamaza, angekuwa mtu wa nne kwenye ile Fatiha, na Salumu angebaki kaburini vilevile. Alipima huku na huku, na kwa mara ya kwanza maishani mwake pande zote mbili zilitoka sawa.

Aliinuka. Alivua ovaroli, akaitundika kwenye kioo cha pembeni. Akaifunga madigadi kwa kamba mbili, akaining'iniza mahali pake ili kesho aweke alama ya kukata. Ilining'inia imejitokeza, kama bega la mtu aliyekataa kusalimiwa.

“Kesho,” alisema. “Kesho nitakata. Nitaifunika.”

“Mungu akulipe.”

“Usimtaje sasa hivi, fundi.”

Akachukua kopo la maji, akaenda nyuma ya banda kutawadha. Alasiri ilikuwa inaadhiniwa.

*

Aliporudi na maji yakimchuruzika viwikoni, Naila alikuwa amefika. Hina ilikuwa imemkauka kwenye vidole vya mkono mmoja. Alisimama karibu na ndoo, anaivuta brashi. Haikung'oka. Rezini ilikuwa imekuwa jiwe, na brashi imesimama ndani yake wima.

“Hii ndiyo kazi mliyofanya?” alisema. “Nimewaacha mafundi wawili, nimekuta mti umeota kwenye ndoo!”

Hamidu alijaribu kucheka. Akakohoa.

“Imegandia njiani, dada,” alisema Mikdad. “Nitachanganya nyingine kesho.”

“Na madigadi?”

“Kesho.”

“Kesho ya kweli au kesho ya mafundi?”

“Ya kweli.”

“Haya. Nilete sabuni nikufulie hiyo nguo, usije kwenye harusi unanuka boti.” Alikuwa ameshaichukua ovaroli kutoka kwenye kioo. Kwa mazoea ya mwanamke anayefua, akaanza kutoa vitu mifukoni, kimoja kimoja, anavipanga juu ya boneti. Penseli. Nati mbili. Kipande cha msasa.

Mikdad alipiga hatua moja. Alichelewa.

Naila alikiinua kitu chembamba kilichopinda, akakisogeza kwenye mwanga. Kilikuwa na ganda la rezini ya zamani, ya manjano, na juu ya ganda ile rangi nyeusi. Akaangalia kiraka kilichopasuliwa pale gurudumuni. Akaangalia tena kilichomo mkononi. Tabasamu lilikuwa bado usoni mwake, halijapata habari.

“Fundi, hii si spoki ya baiskeli?”

Hamidu akainamia kopo lake.

“Mikdad. Nakuuliza. Imetoka wapi?”

Mikdad alifungua mdomo aseme ameiokota njiani. Neno lilikuwa tayari, dogo, jepesi, la kufunika kila kitu mpaka Jumapili na hata baada ya Jumapili. Hamidu alikuwa anamwomba kwa macho alitoe.

Kiti kililia barazani. Mzee Shamsudin alikuwa ameamka. Aliirudisha kofia yake sawa, akamtazama binti yake, na sauti iliyomtoka haikuwa ya mtu anayesahau chochote.

“Imetoka kwenye ng'ombe wako, mwanangu.”